Kompyuta Tuliyoiita Mkwe

Naambiwa siku hizi mgeni anafungua mlango wa chumba kwa simu yake, anaagiza chai kwa simu, analipa kwa simu, na asubuhi anaondoka bila kumwambia mtu kwaheri. Aliyenieleza haya ni mpwa wangu anayesomea kazi za hoteli. Alipomaliza akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama bibi aliyezaliwa kabla ya kiberiti.

Nyinyi wenzake mnaoingia kazi hii, msinihurumie. Nimesimama mapokezi miaka mingi, Bungoma kwanza, halafu Kitale. Kompyuta ya kwanza kuingia katika hoteli yetu ya Kitale niliishonea nguo mimi mwenyewe, kwa uzi na sindano ya kufumia. Hiyo nguo ndiyo nataka kuwaeleza habari zake, lakini nitafika huko kwa miguu yangu.

Bungoma nilifanya kazi katika gesti ndogo juu ya duka la mbegu. Teknolojia yetu ilikuwa gogo. Kila ufunguo ulifungwa kwenye kipande cha mti kikubwa kama mchi wa kinu, ili mgeni asiondoke nao. Hata hivyo kuna mfanyabiashara mmoja aliyeondoka na wa chumba cha tatu mpaka Cheptais. Alirudi siku hiyo hiyo akiwa na hasira, akasema gogo letu limemtoboa mfuko na garini hakuweza kukaa sawa. Nikamwomba radhi, nikapokea ufunguo wangu. Nataka mniambie ni kadi gani ya siku hizi inayojirudisha yenyewe namna hiyo.

Kitale ilikuwa dunia nyingine. Hoteli ilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Kiminini. Ilikuwa na paa la vigae, moto wa kuni sebuleni, na bustani yenye vijumba vya kulala vilivyojitenga. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Wageni wetu walikuwa watu wa mashirika, wenye mashamba, na Wazungu waliokuja kupanda mlima. Siku yangu ya kwanza niliona sinia ya taulo nyeupe, ndogo, zimekunjwa mviringo na zinatoa mvuke. Nikamuuliza mpishi mchuzi wa hizo chapati uko wapi. Mpishi yule alinisalimia kwa jina la "Mama Chapati" mpaka alipostaafu, kwa hiyo nikiwaambia kwamba kila mtu huanza kazi akiwa mjinga, najua ninachosema.

Aliyenifundisha ni Mzee Ndiwa, mbeba mizigo wetu, mtu wa milimani kule Cheptais. Alikuwa mrefu, mkimya, na alivaa kofia yake hata ndani ya stoo. Aliniambia mgeni hapendi kuulizwa maswali kwenye kaunta, maana pale anajihisi yuko polisi. "Lakini ukimbebea mfuko wake," alisema, "atakueleza mwenyewe." Alikuwa na mwendo wake. Unatangulia nusu hatua, mfuko uko mkono wa nje ili usimgonge mgeni, na hufungui mdomo mpaka kona ya kwanza. Kwenye kona unasema neno moja tu kuhusu mvua au barabara. Kabla ya kona ya pili mgeni ameshakwambia kwamba mgongo unamuuma, kwamba hapendi chumba kinachotazama jikoni, na kwamba amekosana na mkewe. Mzee Ndiwa alirudi akaniambia, nami nikabadilisha mto, chumba, au maua, kulingana na shida.

Halafu akaja Bwana Denis.

Bwana Denis alikuwa meneja mpya kutoka Nairobi, kijana mwembamba, mchapakazi, mpenda njugu. Msimdharau, maana hata mimi nilijaribu kumdharau ikanishinda. Alikuja na kompyuta, milango ya kufunguliwa kwa kadi, na mishale. Mishale aliibandika kwenye kuta zote ili mgeni ajipeleke chumbani bila kumsumbua mtu. Fundi alibandika mmoja kichwa chini, na kwa wiki nzima wageni wa ghorofa ya juu walikuwa wakitokea jikoni na masanduku yao. Kaunta yetu ya zamani, ya mbao nzito, aliiondoa akaweka meza ya kisasa yenye miguu myembamba. Alisema kaunta inamtenga mgeni na sisi. Hiyo meza muikumbuke, itarudi.

Siku ya kuwasha kompyuta alitukusanya, akatupa masharti. "Usiile mbele yake," akasema, akimaanisha tusile mbele yake. "Usiiguse uso. Usiisogelee na mikono michafu. Usipige kelele karibu nayo, usiiegemee, na jioni ifunikwe."

Mwosha vyombo mmoja, mama wa Sirisia kama mimi, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa si huyu ni mkwe?"

Tulicheka mpaka Bwana Denis akadhani kuna aliyeteleza. Kuanzia siku hiyo kompyuta ikawa Mkwe. "Mkwe ameamka?" "Mkwe amegoma." "Nyamaza, Mkwe anafikiria." Kwa kuwa mkwe lazima aheshimiwe, nikaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kama vile tunavyofunika viti nyumbani wageni wakija.

Kwa wale ambao si wa kwetu, nieleze kidogo. Kwetu Bungoma, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Wanaheshimiana kwa umbali. Salamu ya mbali inaruhusiwa, lakini kushikana mikono hapana, kukaliana viti hapana, kutazamana usoni hapana, na kulala chini ya paa moja hata usitaje. Hawachukiani. Ni heshima, na wengine huishika miaka yote na bado wanapendana sana, kila mmoja akiwa upande wake wa ua.

Mkwe wetu wa mezani alinisumbua kwanza kwa jambo la herufi. Mimi ni mtu wa Sirisia. L na R kwangu ni majirani wanaoingiliana bila kubisha hodi. Mgeni alipiga simu akataka chumba, nikasikia jina lake na nikaliandika nilivyolisikia. Siku ya kufika akasimama mbele ya meza, bwana wa heshima, tai shingoni.

"Naitwa Lusweti," akasema.

Bwana Denis akaandika, akatazama, akaandika tena. "Samahani. Hauko."

"Siko wapi?"

"Kwa kompyuta."

"Lakini niko hapa, bana."

"Hapa uko. Kwa kompyuta ndio hauko."

"Sasa nani atalala, mimi ama kompyuta?"

Nikamnong'oneza Bwana Denis ajaribu na R. Akatokea papo hapo, amelipiwa, na kitanda cha dirishani. Mgeni akachungulia, akaona jina, akazidi kukasirika. "Rusweti ni nani? Ati nitalala kwa jina ya mtu?"

Jioni ile Bwana Denis hakunifokea. Alikaa, akala njugu nyingi, mbali na Mkwe, halafu akanionyesha jambo ambalo sikulijua: ukiandika herufi za katikati tu, mashine inakuletea wote wenye herufi hizo. Ukiandika "swet" watakuja Lusweti na Rusweti pamoja, nawe utachagua. Sikumkosa mgeni tena. Kwa hiyo nikisikia mstaafu mwenzangu akisema mashine haina faida, namwambia hajawahi kumkana mtu aliyesimama mbele yake amevaa tai.

Sasa nije kwenye kitambaa.

Wazee wawili wa Sirisia walikuwa wametimiza miaka hamsini ya ndoa. Mtoto wao wa mwisho alikuwa daktari ng'ambo, na ndiye aliyepanga sherehe ya shukrani hotelini kwetu siku ya Jumamosi. Alipanga vyumba vyote akiwa huko huko, kwa mtandao, na hapo ndipo alipoona kisanduku kilichouliza kama familia ingependa kukaa pamoja. Mtu ambaye hajakaa nyumbani muda mrefu, ameona neno familia, ameona neno pamoja, kwa nini asiweke alama? Akaweka. Bwana Denis akatuonyesha kwa fahari jinsi Mkwe alivyopanga familia nzima chumba kwa chumba, bila mtu kugusa kitu.

Ijumaa mchana wazee wakafika. Mzee alikuwa na miguu mibaya na masikio mabaya zaidi. Mkewe, Mama Loise, alikuwa mdogo wa mwili, amefunga kitambaa cha kanisa kichwani, na mkononi ana kikapu ambacho hakukubali Mzee Ndiwa akiguse. Alikaa kwenye kiti mbele ya meza yangu, akaitazama kompyuta.

"Na hii ni nini imevaa vizuri hivi?"

Nikamwambia ni kompyuta, na kwamba tunaiita Mkwe, na sababu yake. Alicheka, akapiga goti lake.

"Mmefanya vizuri kumfunika," akasema. "Wangu yuko Bungoma, na abaki huko mpaka kesho. Kesho yeye atakaa upande ule wa hema, mimi upande huu. Lakini akilala hapa, mimi nalala Sirisia. Hata kama keki imekatwa." Kisha akaacha kucheka, akasoma jina langu kifuani. "Rispa, watoto wangu wote hawajakaa meza moja tangu huyu mdogo aende. Jumatatu anarudi ng'ambo. Na Mzee umeona miguu yake. Ni kesho tu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikampa kadi ya chumba cha kumi na tano.

Hawajanywa hata chai, gari likaingia. Akashuka Injinia Khaemba, mtu mkubwa, mpole, viatu vya kahawia vyenye tope la barabara ya Bungoma. Mkwe wa mezani alikuwa amempa chumba cha kumi na nne. Mzee Ndiwa akachukua mfuko, akatangulia nusu hatua, na kwenye kona ya kwanza akasema neno moja kuhusu mvua. Kabla ya kona ya pili Injinia alikuwa ameshamweleza kwamba yeye ndiye aliyeoa binti wa kwanza wa wazee wenye sherehe, kwamba mkewe na watoto wanakuja kesho kutoka Nairobi, na kwamba ni vizuri wazee wameamua kulala kwa jamaa zao Kiminini.

Mzee Ndiwa akasimama. "Injinia, hii njia imefungwa."

"Lakini mshale si huo?"

"Mshale hauna mama mkwe," akasema Mzee Ndiwa, akageuka na mfuko.

Akamficha mahali pa kwanza alipopaona, akaja mezani kwangu akitembea upesi kuliko nilivyowahi kumwona.

"Rispa," akasema, "mkwe yuko chooni."

Bwana Denis akaruka kutoka ofisini na njugu mkononi. "Nani amepeleka kompyuta chooni?"

"Si hii. Ni yule mkwe mwenyewe."

"Mkwe yupi?"

"Wa Mama."

"Mama yupi ana kompyuta?"

Ilibidi nimkalishe. Nikamweleza paa, nikamweleza kikapu, nikamweleza kwamba kati ya chumba cha kumi na nne na cha kumi na tano kuna ukuta mmoja, na katika ukuta huo kuna mlango wa katikati aliousifu kwa wazazi wenye watoto wadogo.

"Lakini ni familia," akasema.

"Ndiyo maana."

Akatazama mashine. Hoteli ilikuwa imejaa, maana kulikuwa na mkutano wa watu wa mbegu. Hakukuwa hata na chumba cha dereva. Lakini hapo ndipo nilipomwona Bwana Denis akigeuka kuwa mtu wetu. Hakuuliza kama hiyo mila ina maana. Aliuliza, "Vijumba vya bustani, vina paa lake?"

Vilikuwa na paa lake. Katika kimoja kulikuwa na Wazungu wawili wazee waliokuja kutazama ndege. Nikaenda, nikabisha, nikawaeleza shida yote tangu mwanzo. Sikuwaambia kuna hitilafu ya kiufundi, maana mgeni akidanganywa hunusa. Yule mama wa Kizungu akaniuliza kama na yeye angeweza kuiomba hiyo mila itumike kwake nyumbani. Mumewe akaanza kukunja miguu ya darubini. Wakakubali kuhamia chumba cha kumi na nne, ila walihitaji muda, kwa sababu watu wa ndege wana vifaa vingi kuliko fundi wa magari.

Kazi ikawa kumhifadhi Injinia muda huo mdogo. Hapo Bwana Denis akatuonyesha tena faida ya mashine yake. Ndani ya kila chumba kulikuwa na kitundu ukutani, mgeni anatia kadi ndipo taa ziwake. Akitoka anaichomoa, na kwenye skrini chumba chake kinazima. Bwana Denis akamtoa Injinia chooni, akamsimamisha kando ya meza, yeye akakodolea macho namba kumi na tano kama mtu anayelinda kuku.

"Bado inawaka," akawa anasema. "Bado inawaka. Yuko ndani. Injinia, pumua."

Shida ilikuja kwa Mkwe wa mezani. Alikataa kumhamisha Injinia. Kila Bwana Denis alipojaribu, aliandika kwamba huyu ni mmoja wa familia na familia wameomba kukaa pamoja. Bwana Denis akapiga simu Nairobi, akasikiliza, akaitikia, akakata.

"Kuna njia moja," akasema. "Lazima nikutoe kwenye familia."

"Nitoe vipi?"

"Hapa kwa uhusiano, badala ya mkwe, niandike hakuna."

Injinia akainama kutazama. Bwana Denis akabonyeza.

"Ai! Miaka ishirini nalipa ng'ombe," akasema Injinia, "na umenifuta na kidole moja?"

"Ni kwa kompyuta tu, Injinia."

"Hata kama. Weka hata rafiki."

Tulikuwa bado tunabishana kama aandikwe rafiki au jirani wakati mvua ya Kitale ilipofika. Mnaijua ile ya alasiri, inayoshuka kutoka mlimani bila salamu. Ngurumo moja, na stima ikapotea. Sebule ikawa giza kama stoo. Skrini ikafa, na namba kumi na tano ikafa nayo. Jenereta yetu ilikuwa ya kubembelezwa kwanza.

Kisha tukasikia sauti ya Mzee Ndiwa kutoka ujia wa vyumbani, mtu yule ambaye hakuwahi kupaza sauti maisha yake.

"KARIBU MAMA LOISE! UNAKUJA MAPOKEZI, MAMA LOISE? POLE POLE, MAMA LOISE, KUNA NGAZI!"

"Mimi si kiziwi," tukamsikia akijibu. "Ni Mzee."

Injinia akatazama mlango mkubwa. Ili aufikie angepita mbele ya ujia. Akatazama ofisi ya Bwana Denis. Mlango wake ulikuwa wa kadi, umejifunga. Akaruka nyuma ya meza, akachuchumaa. Na ile meza, vijana, ilikuwa ya miguu myembamba. Kaunta yetu ya zamani ingeficha ng'ombe na ndama wake. Hii ya kisasa ilimwonyesha Injinia mzima mzima, kutoka kisogo mpaka tope la viatu.

Sikufikiri. Nilinyakua kitambaa cha Mkwe nikamtupia. Kilifunika kichwa, mabega na nusu ya mgongo. Kuanzia hapo kilikuwa kimekwisha.

Mama Loise akafika akipapasa, akakaa kwenye kiti kile kile cha mwanzo. Mzee Ndiwa akasimama nyuma yake, kofia kifuani. Nje mvua ilikuwa inapiga vigae.

"Stima imeenda," akasema Mama.

"Inarudi sasa hivi, Mama."

Nilimwona akitazama meza. Kompyuta ilikuwa juu yake, uchi. Akatazama chini ya meza. Nikaanza kusema jambo kuhusu chai.

"Naona mmemfunika Mkwe wenu," akasema.

"Tunamfunika stima ikipotea, Mama," nikasema. Mpaka leo sijui hayo maneno yalitoka wapi.

"Ni vizuri. Mkwe si wa kuonwa onwa." Akaweka mikono yake juu ya magoti, akageuza uso upande wa dirisha, mbali na sisi. "Huwa anasikia?"

"Nani, Mama?"

"Huyo Mkwe wenu. Mtu akisema kitu, anasikia?"

Mzee Ndiwa alikuwa anatazama dari. Aliyejibu ni Bwana Denis, kijana wa Nairobi aliyekuwa amejifunza hiyo mila mchana ule ule.

"Anasikia, Mama," akasema kwa adabu. "Na ukimwekea kitu anakihifadhi. Hasahau."

"Haya." Mama akavutavuta pindo la nguo yake, kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi. "Mimi pia niko na mkwe. Miaka ishirini. Namjua kwa mgongo wa gari tu. Wakati miguu ya Mzee iliharibika, huyo mtu alikuwa anatoka kazi Bungoma, anakuja mpaka kwa gate, anapiga honi, na mimi naingia jikoni. Anambeba Mzee. Anampeleka hospitali Eldoret. Anamrudisha. Nikitoka jikoni nakuta sukari juu ya jiwe, nakuta dawa, nakuta mkate. Gari imeenda. Alininunulia simu. Akipiga, naona jina yake, napatia Mzee, na Mzee hasikii kitu."

Hata mvua nadhani ilipungua.

"Sasa mtu kama huyo utamwambia asante saa ngapi? Nimemtumia binti yangu amwambie, ananijibu, 'Mama, anajua.' Anajua vipi na sijasema? Mimi nilitaka niseme na mdomo yangu." Akasafisha koo. "Nimesema. Wacha akae nayo."

Kitambaa kikatikisika. Kikavuta kamasi, sauti kubwa, ya mtu mkubwa.

"Ana mafua huyu," akasema Mama.

"Ni unyevunyevu, Mama," akasema Bwana Denis. "Huathiri mitambo."

Huko nyuma tukasikia jenereta ikikohoa, ikajaribu, ikakohoa tena. Mama Loise akainuka haraka kuliko alivyokaa. "Wacha nirudi kwa Mzee kabla taa haijafika," akasema, na akaenda bila kugeuza shingo, Mzee Ndiwa nusu hatua mbele yake. Alikuwa ameshapita kona ya kwanza taa zilipowaka.

Tukatazama kitambaa.

"Injinia," nikasema, "ameenda."

"Najua," kikajibu. "Ngojeni kidogo. Hii kitambaa iko na vumbi."

Nilikifua hicho kitambaa kila Jumatatu. Lakini sikubishana.

Alipojitokeza, Mkwe wa mezani naye alikuwa ameamka. Bwana Denis akatafuta, akakuna kichwa. Stima ilikatika kabla hajahifadhi kazi yake. Mabadiliko yote yalikuwa yamepotea, na kwenye skrini Injinia Khaemba alikuwa amerudi katika familia, mahali pake pale pale, chini ya jina la mkewe.

"Nikufute tena?" akauliza Bwana Denis.

Injinia akatazama jina lake kwa muda. "Wacha," akasema. "Mnaonaje mkiwacha?"

Basi vyumba tulivibadilisha kwa mdomo. Injinia alilala bustanini chini ya paa lake. Wazungu walilala chumba cha kumi na nne, na asubuhi walishangaa kukuta magazeti mawili ya Kiswahili mlangoni, kwa jina la Khaemba. Mama Loise hakuchukua kikapu chake kurudi Sirisia. Jumamosi watoto wake wote walikaa meza moja, yeye upande huu wa hema, mkwe wake upande ule, na keki ilikatwa. Katika mashine, Injinia alilala ukuta mmoja na mama mkwe wake siku zote za sherehe. Sijui hiyo mashine iko wapi sasa, lakini mahali ilipo inasadiki hivyo.

Bwana Denis aliwaambia mafundi warudishe kaunta ya mbao, kompyuta ikiwa juu yake. Mishale ilibaki, ila aliyemtangulia mgeni alikuwa Mzee Ndiwa. Tulifanya kazi vizuri pamoja, mimi, wao wawili, na Mkwe.

Majuma machache baadaye, mwanamke wa kanisa kutoka Sirisia alipita hotelini akielekea sokoni. Alikuwa na furushi langu, limefungwa kwa kanga. Ndani kulikuwa na kitambaa cha kufumwa, cheupe, maua pembeni, kazi safi kuliko yangu. Nikakikunjua juu ya kaunta, kikaanguka pande zote mbili mpaka sakafuni. Bwana Denis akashika ncha moja, mimi nyingine, tukarudi nyuma, tukazidi kurudi nyuma. Kingefunika kompyuta, kaunta, na mtu mzima aliyechuchumaa, mpaka kwenye nyayo.

"Mama Loise amesema hii ni ya Mkwe wenu," yule mwanamke akatuambia. "Amesema ile ingine aliona ni fupi. Viatu vilikuwa vinapigwa na baridi."